Baiskeli, Viatu na Daftari

Nikipata jioni isiyo na kazi, natazama filamu. Siku za karibuni nimetazama za kila aina: mpya kabisa na zile za kabla sijazaliwa, za mabomu na za watu wanaokaa tu wakazungumza. Nyingi zimenipita. Zilinichangamsha kwa saa zake mbili, asubuhi nikawa sikumbuki hata jina la mhusika mkuu. Chache zimening'ang'ania, na nilipozipanga kichwani nikaona zimefanana kwa jambo moja. Katika kila moja kuna mtu anayehangaikia kitu ambacho mpita njia asingegeuka kukitazama mara mbili: baiskeli, viatu vya mtoto, daftari la shule.

Mimi nimekulia kwenye filamu za steringi hafi. Risasi zinanyesha, magari yanapinduka, adui ana jeshi zima, na steringi anatoka na mchubuko wa shavuni. Nilizipenda na bado nazipenda. Ila hizi kubwa za sasa zimepandisha dau mpaka dau lenyewe limekosa uzito. Mji mzima unabomoka, majengo yanalala moja baada ya jingine, na mimi nimekaa nimetulia tuli, kwa sababu katika majengo yote yale sijaonyeshwa hata dirisha moja nikajua nani anaishi nyuma yake.

Kwenye Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, filamu ya Italia ya mwaka 1948, kinachopotea ni baiskeli moja tu. Antonio Ricci ni baba wa familia katika jiji la Roma, vita vimekwisha miaka michache nyuma, kazi hakuna. Siku moja jina lake linaitwa: kuna kazi ya kubandika mabango ukutani, sharti uwe na baiskeli. Yake iko rehani. Mkewe, Maria, anaingia chumbani, anavuta mashuka kitandani, anayakusanya, na wote wawili wanakwenda kuyaweka rehani mashuka ili baiskeli itoke.

Pale kwenye duka la rehani ndipo filamu iliponikamata. Mhudumu anapokea mashuka dirishani, kisha tunamwona mfanyakazi akipanda rafu kwenda kuyahifadhi. Anapanda, anazidi kupanda, na rafu hazikomi, zimesheheni mafurushi ya mashuka ya watu wengine mpaka juu darini. Hakuna hotuba juu ya umaskini, hakuna muziki wa kukulazimisha ulie. Ni sekunde chache tu, na tayari unajua kwamba jiji zima linalala kwenye magodoro matupu.

Kwa hiyo yule kijana anapoirukia baiskeli, Antonio akiwa juu ya ngazi anabandika bango la mwigizaji Rita Hayworth, mimi sioni baiskeli tu ikiondoka. Naona mashuka. Naona Maria. Niliinuka kwenye kiti kwa hasira kana kwamba nimeibiwa mimi. Tangu hapo kila filamu ninayoitazama naiuliza swali moja: kabla hujanionyesha hasara, umenionyesha kile kitu kilipatikanaje? Ikishindwa hapo, hata ikichoma moto sayari nzima, hainipati.

Anayeigiza Antonio, Lamberto Maggiorani, hakuwa mwigizaji wa kazi. Alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Mtayarishaji wa Marekani, David O. Selznick, alikuwa tayari kugharamia filamu hiyo iwapo nafasi ya Antonio ingekwenda kwa Cary Grant, na De Sica hakukubali. Namshukuru kwa hilo. Cary Grant ni mwigizaji hodari, lakini uso wake tumeshauzoea kushinda. Tangu dakika ya kwanza ungejua mambo yatanyooka. Uso wa Maggiorani haukuahidi chochote. Anatembea kama mtu anayehesabu fedha moyoni, na kila anapogeuka kumtazama mwanawe unaona hesabu imegoma.

Mwana mwenyewe ni Bruno, na kwangu filamu hii ni ya Bruno kuliko ya baba yake. Asubuhi ya siku ya kwanza ya kazi anaifuta ile baiskeli, anagundua imebonyea mahali ilipokuwa rehani, na anamlaumu baba kwa kutolalamika. Mtoto huyo! Baadaye, wamezunguka siku nzima bila mafanikio, baba amempiga kofi na anajuta, wanaingia mgahawani. Bruno anapewa mkate wenye jibini linalovutika kama uzi. Meza ya jirani kuna mtoto wa familia yenye uwezo, naye anakula vivyo hivyo, ila kwa kisu na uma na kwa madaha. Bruno anamtazama, anavuta jibini lake, anamtazama tena. Kisha baba anaanza kumfanyisha mahesabu: mshahara ungekuwa kiasi gani kwa mwezi, na posho juu yake. Furaha ya ule mlo inaisha hapo hapo, kwa kalamu na karatasi. Sijawahi kuona filamu ikionyesha vizuri namna hii jinsi shida inavyokaa mezani na watoto wakati wa kula.

Kuna sehemu moja siipendi. Antonio anatoka kwa mpiga ramli, na mlangoni tu anakutana uso kwa uso na mwizi. Baada ya ukweli wote ule, bahati hiyo imekuja kirahisi mno.

Mwisho wake (asiyeiona bado aruke aya hii) umeniletea ubishi na mdogo wangu ambao haujaisha. Antonio, akiwa hana tena pa kushika, anajaribu kuiba baiskeli ya mtu mwingine, anakamatwa, anazabwa makofi mbele ya Bruno. Mwenye baiskeli anamwangalia yule mtoto anayelia na kumwachia baba aende. Wanatembea katikati ya umati, na Bruno anampa baba yake mkono.

"Kaka, hapo amemsamehe," mdogo wangu alisema.

Mimi nikamwambia sioni msamaha pale. Naona mtoto ambaye dakika hiyo hiyo amekuwa mtu mzima, na ndiye sasa anayemwongoza baba. Akanijibu kwamba mtu mzima ndiye anayejua kusamehe, kwa hiyo nimesema alichosema yeye. Huenda. Lakini nimeirudia ile sehemu, na bado nauona ule mkono kuwa wa kushikilia mtu asianguke.

Children of Heaven ya Majid Majidi, ya Iran, mwaka 1997, niliitazama na mama. Mama si mtu wa kusoma tafsiri zinazopita chini ya skrini, kwa hiyo nilikuwa namsomea. Nilidhani atachoka mapema. Aliikalia mpaka mwisho.

Filamu inaanza na mikono ya fundi viatu akishona kiatu kidogo cha rangi ya waridi kilichochakaa. Uzi unaingia, unatoka, gundi inapakwa, brashi inapita. Tunakaa na kile kiatu kwa muda ambao filamu nyingine ingekuwa imeshaua watu watano. Kisha Ali, mvulana mdogo, anavichukua viatu vya dada yake Zahra, anaviweka chini akichagua viazi dukani, na mtu anayekusanya takataka anaondoka navyo. Ni lile lile la mashuka ya Maria: umeonyeshwa uzi wa fundi kwanza, ndipo viatu vikapotea.

Nyumbani hawasemi. Kodi ya nyumba imelimbikizwa, mama mgonjwa, baba anawaka. Usiku, wazazi wakiwa wanazungumza pale pale chumbani, Ali na Zahra wanagombana kwa kuandikiana kwenye madaftari yao ya shule. Zahra anaandika kwamba atamwambia baba. Ali anaandika kwamba baba atawapiga wote wawili, na tena hana fedha za viatu vingine. Kalamu zinakimbia, macho yanatazamana, wazazi hawana habari. Mwishowe Ali anamsogezea dada yake penseli ndefu kama hongo ya kunyamaza.

"Baba yao hajui mpaka sasa?" mama aliniuliza.

"Hajui, mama."

"Basi asijue. Akijua ataumia bure, na hana la kufanya."

Nikamtazama. Mimi nilikuwa upande wa watoto, nikiogopa wasipigwe. Mama alikuwa upande wa baba, anamwonea huruma mtu ambaye hayumo hata kwenye ule mgogoro. Nilimsomea dakika zilizobaki kwa sauti nyingine, kwa kuwa sasa nilikuwa namwangalia yule baba pia.

Mpango wa watoto ni kugawana raba za Ali. Zahra anasoma asubuhi, Ali mchana, wanakutana kichochoroni wanabadilishana, mmoja anakimbia nyumbani na mwingine anakimbia shule. Siku moja raba moja inamponyoka Zahra na kuangukia mfereji wa maji, maji yanaibeba, naye anaifukuza kando ya mfereji. Nawaambia ukweli, moyo ulinidunda kuliko kwenye mbio zozote za magari nilizoziona mwaka huu. Na Zahra anapogundua kwamba viatu vyake sasa vimevaliwa na msichana mwingine shuleni, anamfuata na Ali mpaka kwao, wanamwona baba wa yule msichana ni kipofu, na wanageuza wakarudi bila kusema neno. Hakuna anayewaeleza cha kufanya. Wanatazamana tu, wanaondoka. Mama alisema "Watoto wamelelewa hao," akanyamaza.

Mbio za mwishoni, ambazo zawadi ya mshindi wa tatu ni raba, zimechezwa polepole mno kwa ladha yangu. Ule mwendo wa kunyong'onyea umeongezwa pale ambapo pumzi za mtoto zingetosha. Lakini wazo lenyewe ni zuri ajabu: mtoto anayekimbia kwa nguvu zake zote asiwe wa kwanza wala wa pili. Filamu ikakufikisha mahali unamwona bingwa amebebwa juu juu, analia, na unalia naye kwa kuwa ameshinda.

Niliponogewa na Iran nikaendelea na Abbas Kiarostami, Where Is the Friend's House? ya mwaka 1987. Hii naielewa kwa nini wengine hawaivumilii. Mdogo wangu alilala. Ahmad, mwanafunzi wa kijiji cha Koker, anagundua nyumbani kwamba amebeba daftari la mwenzake kwa bahati mbaya, yanafanana majalada. Mwalimu ameshasema mbele ya darasa zima kwamba yule mwenzake akija tena bila kazi kwenye daftari lake, atafukuzwa. Kwa hiyo Ahmad anataka kulirudisha. Mwenzake anakaa kijiji kingine, Poshteh, na hajui nyumba ni ipi. Ndiyo filamu nzima.

Kilichonishika ni watu wazima. Ahmad anamweleza mama yake, mama anamwambia fanya kazi za shule. Anaeleza tena, anaambiwa abembeleze mtoto. Anaeleza tena kwa maneno yale yale, maana ukweli hauna maneno mengine, na kila mara ni kama hajasema. Babu yake anamtuma sigara wakati sigara anazo. Anataka tu mtoto ajifunze kutii. Anawaeleza wenzake kwamba utotoni baba yake alimpa senti kila wiki na kipigo kila wiki mbili, na kwamba senti iliweza kusahauliwa, kipigo kamwe. Anasimulia kwa fahari. Nilimkasirikia yule mzee kuliko nilivyowahi kumkasirikia adui yeyote mwenye bunduki. Nimekutana na mawazo yake mara nyingi mno kwa watu wema ninaowaheshimu, na tangu niitazame, mtoto akija kuniambia jambo mara ya pili, naacha ninachofanya.

Mwaka 1990 tetemeko kubwa la ardhi lilipiga eneo lile. Kiarostami akarudi, na kutokana na safari hiyo akatengeneza And Life Goes On, ya mwaka 1992, ambamo mwongozaji wa filamu na mwanawe wanaendesha gari katikati ya vifusi wakiwatafuta watoto walioigiza ile ya kwanza. Nimeitazama siku chache baada ya ile. Kuiona tena ile njia ya kupinda kilimani aliyoikimbilia Ahmad, ukijua kilichowapata watu wa pale, ni jambo zito. Nashauri zitazamwe kwa mfuatano huo huo.

Mtu asidhani nazungumzia filamu za watoto na umaskini pekee. 12 Angry Men ya Sidney Lumet, ya mwaka 1957, ni wanaume 12 wa juri, yaani raia wanaoamua kesi mahakamani, wamefungiwa chumba kimoja siku ya joto, wanaamua kama kijana anayeshtakiwa kwa mauaji ana hatia, na wakisema anayo atauawa. Kura ya kwanza, 11 wanasema ana hatia, mmoja anakataa. Kabla hawajaingia chumbani, kamera inatuonyesha uso wa yule kijana, mara moja, bila neno. Hatumwoni tena. Inatosha. Baada ya hapo wanabishana juu ya kisu cha kukunja, mzee anayechechemea, alama za miwani kwenye pua ya shahidi, na kila kimoja kina uzito wa ule uso.

Niliitazama mara mbili, ya pili kwa ajili ya kamera. Lumet ameeleza kwamba mwanzoni aliiweka juu ya usawa wa macho, katikati ikawa sawa na macho, mwishoni ikashuka chini mpaka dari likaonekana. Na lenzi nazo alizibadilisha kidogo kidogo ili kuta zionekane kuwasogelea. Mara ya kwanza sikuona lolote kati ya hayo. Nilihisi tu nakosa hewa. Kitu kimoja tu kinanikera: mwanajuri wa namba 8, yule aliyekataa peke yake, anakwenda mwenyewe kununua kisu kinachofanana na cha ushahidi. Mahakamani hilo haliruhusiwi, juri inaamua kwa ushahidi iliopewa. Filamu inatufanya tushangilie kosa la kisheria, na nilishangilia.

Hata Jaws ya Steven Spielberg, ya mwaka 1975, ile ya papa mla watu, ambayo ni filamu kubwa kwa kila kipimo, kwangu imesimama juu ya kitu kidogo. Yule papa wa mashine aliwasumbua mno katika maji ya chumvi, na ndiyo sababu mojawapo ya papa kutoonekana vizuri kwa zaidi ya saa nzima. Hilo linasimuliwa kila mahali. Ninachokumbuka mimi ni mkuu wa polisi, Brody, amekaa mezani ameinamisha kichwa baada ya mama wa mtoto aliyeliwa kumzaba kofi mbele ya watu. Mwanawe mdogo amekaa pembeni, anamwigiza kila kitu: baba akikunja mikono, naye anakunja, baba akijifunika uso, naye anajifunika. Baba anagundua, wanafanyiana mchezo. Halafu anamwomba busu. Mtoto anauliza kwa nini. Anajibu kwamba analihitaji. Baadaye Brody, mtu anayeogopa maji, anapopanda mashua, sihitaji kukumbushwa kuna nini nchi kavu.

Kutazama namna hii kumenibadilishia mazoea kidogo. Simu naiacha chumba kingine, kwa sababu sekunde za duka la rehani haziji mara mbili. Trela siangalii tena, zinamwaga uhondo wote. Na filamu ikiisha sikimbilii nyingine usiku huo huo. Nazungumza kwanza na niliyetazama naye, au naandika mistari miwili. Dakika 20 za mwanzo nazipa uvumilivu wangu wote, maana ndizo zinazonipa sababu ya kujali.

Inayofuata ni Umberto D. ya De Sica huyo huyo, ya mwaka 1952: mtumishi mstaafu, kodi inayomshinda, na mbwa wake. Mdogo wangu ameshasikia neno mbwa na anasema hataki, anajua nitamliza. Mama ameuliza tu kama nitamsomea.